Kazi Dodoma, familia Dar: kurudi kila wikiendi, kurudi mwisho wa mwezi au kuhama wote?

Naandika hii kwa ajili yako wewe uliyepewa barua ya kuripoti Dodoma na familia iko Dar, af kila unayemuuliza anakujibu kwa nauli tu, "siku hizi SGR ipo bwana, masaa manne umefika". Ni kweli hiyo treni ya umeme ipo na imetuokoa wengi, ntaieleza huko chini, ila mimi nimeishi hii hali tangu 2019 na nimepita njia zote. Nilianza kurudi kila wikiendi kwa basi, nikachoka nikawa narudi mwisho wa mwezi, treni ilivyoanza nikarudia tena kila wikiendi, na Januari 2025 nikahamisha nusu ya familia. Nilichokuja kukiona ni kwamba nauli ndo kitu kidogo kuliko vyote kwenye hii hesabu. Anza na anayebaki nyumbani, ana umri gani, na nani anamsaidia. Mtoto wa miaka miwili na mtoto wa darasa la sita hawakosi kitu kilekile ukiondoka, na baba anayebaki na bibi wa watoto mtaa wa pili sio sawa na anayebaki peke yake na dada wa kazi aliyefika juzi kutoka kijijini.

Mimi ni mama wa watoto wawili, baba watoto ana biashara Dar ambayo hawezi kuifunga aje nayo huku. Wakati tunahamia Mtumba, ule mji wa serikali nje kidogo ya Dodoma mjini, mkubwa alikuwa ndo kaanza darasa la kwanza na mdogo ana miaka miwili. Kwa hiyo nitakavyolinganisha hapa ni kwa macho ya mama aliyeondoka akaacha watoto na baba yao, na nakwambia kabisa maneno yalikuwepo, kwa majirani na kwa ndugu, mwanaume akiondoka kwenda kutafuta anaombewa dua, mwanamke akiondoka anaulizwa watoto kamwachia nani. Usichague njia kwa ajili ya kuwanyamazisha hao, maana hawanyamazi.

KURUDI KILA WIKIENDI

Hapa ndo wengi tunaanzia. 2019 ilikuwa hivi, kazi inaisha saa 9 na nusu alasiri, lakini enzi hizo mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha, kwa hiyo ili ufike Dar Ijumaa ilibidi uondoke mapema, maana yake kila Ijumaa mchana unaenda kuomba ruhusa. Wiki ya kwanza bosi anakuelewa, wiki ya nne anakuangalia tu usoni. Unafika Ubungo usiku umeshaingia, nyumbani watoto wamelala. Jumamosi unafua, unakagua madaftari, unaenda sokoni, unapika vya kuweka kwenye friji, na Jumapili saa 12 asubuhi uko stendi tena. Masaa kama 17 barabarani kwa ajili ya siku moja na hiyo siku yenyewe inaishia kwenye masufuria.

Lakini mdogo alikuwa ananijua. Hilo nilikuja kulielewa baadae nilipoacha. Mtoto wa umri ule hana kalenda kichwani, kwake siku 7 ni ndefu lakini bado anakumbuka harufu yako na namna unavyomshika, siku 30 ni kama hukuwahi kuwepo. Kwa hiyo kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitano, ushauri wangu ni mmoja, rudi kila wikiendi hata kama mwili unauma, na kama haiwezekani basi soma sehemu ya kuhama, usiikimbilie ya mwisho wa mwezi kwa sababu ni rahisi.

Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku mwaka 2023, na hasa tangu treni ianze kufika Dodoma Julai 2024, hii njia sio ile ya zamani tena. Unatoka kazini bila kuomba ruhusa, unapanda treni ya jioni, usiku wa Ijumaa hiyohiyo uko kitandani kwako, na Jumapili unakula mchana na familia ndo unaondoka. Umepata Jumamosi nzima na zaidi ya nusu ya Jumapili, yaani karibu mara mbili ya nilichokuwa napata mimi kwa basi.

Sasa pesa. Treni ya kawaida Dar hadi Dodoma nauli ni 31,000, kwenda na kurudi 62,000. Weka elfu 20 za kutoka Mtumba mpaka stesheni, na kule Dar kutoka stesheni mpaka nyumbani na kurudi, hiyo ni 82,000 kwa wikiendi, mara nne ni 328,000 kwa mwezi. Juu yake kuna kodi ya chumba huku, mimi masta, yaani chumba chenye choo ndani, nilikuwa nalipa laki na ishirini na mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, na chakula chako wewe peke yako. Ukirudi mara moja tu kwa mwezi unaokoa kama 246,000. Sio pesa ndogo kwa mshahara wa mtumishi, najua, lakini kabla hujaiona kama hasara kaa na mwenzako mjiulize hiyo laki mbili na nusu ikibaki itafanya kazi gani, maana yangu ilivyobaki sikuiona ilipoenda.

Basi nauli yake haipishani sana na treni, tofauti kubwa ni muda na usingizi. Basi la usiku linakufaa ukikosa kiti cha treni, ila mtu anayeteremka stendi ya Nanenane Dodoma saa 10 alfajiri Jumatatu af saa moja na nusu yuko ofisini, Jumatatu hiyo haipo, unakaa tu mbele ya kompyuta. Na ile barabara ya Chalinze, Moro, Dumila, Gairo mpaka Kibaigwa ina malori mengi, usiku mimi silali kabisa. Gari binafsi linalipa mkiwa wanne mnachangia mafuta, ni kilomita kama 450 na gari dogo linakula lita 35 hivi kwenda tu, mkigawana inakaribiana na nauli ya treni, faida ni kwamba mnabeba mchele, mkaa na zabibu mnavyotaka, hasara ni kwamba dereva ni mtu aliyefanya kazi wiki nzima kama nyie, halafu zile spidi hamsini hamsini za kwenye vijiji na tochi za trafiki za kupima spidi zinamfanya aharakishe kwenye sehemu nyingine. Kama ni kila wiki, chukua treni. Viti vya Ijumaa jioni na Jumapili jioni vinaisha mapema, mimi nilikuwa nakata ya kwenda na kurudi kwa pamoja Jumatatu nikishafika tu ofisini, usisubiri Alhamisi.

Inamshinda nani hii? Mjamzito, mwenye mgongo, na yule ambaye idara yake inaitwa kazini wikiendi. Kipindi cha Bunge la bajeti, kuanzia Aprili mpaka Juni, wengine tunashinda ofisini Jumamosi tukiandaa majibu na taarifa, sasa ukiwa umemwahidi mtoto kila Ijumaa af unakosa tatu mfululizo, hiyo ahadi ni bora usingeitoa. Mwambie ukweli mapema, "kuanzia Pasaka mpaka mfunge shule mama atakuwa anakuja mara chache". Watoto wanabeba ukweli vizuri kuliko tunavyodhani.

KURUDI MWISHO WA MWEZI

Nilifanya hivi kama miaka mitatu. Nitasema mazuri yake kwanza kwa sababu yapo. Unalala. Kazi inakwenda, unasoma, wenzangu wawili wamemaliza masters Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) jioni katika kipindi hichohicho. Unakuwa na wikiendi zako Dodoma, unaenda kanisani au msikitini, unajuana na watu, unaacha kuishi kama abiria. Na ukienda nyumbani unaenda na siku za kutosha, unaunganisha na sikukuu au unachukua siku mbili za likizo, unakaa siku nne tano, hiyo ina utulivu ambao safari za kila wiki hazina.

Sasa ubaya wake. 2022, Septemba, nilimnunulia mdogo viatu vya shule huku mjini, vyeusi, vya mkanda, namba 28 kwa sababu ndo namba niliyokuwa naijua. Nikafika Ijumaa usiku, asubuhi nikamwita avijaribu, akakaa kwenye kochi akanyoosha mguu, mimi nasukuma kisigino hakiingii. Nikadhani kakunja vidole. Nikabonyeza pale mbele kwa dole gumba kama tunavyofanya dukani nikakuta kidole kimejaa mpaka kwenye ukuta wa kiatu. Hakusema kinambana, alikaa kimya ananiangalia mimi. Dada wa kazi ndo akasema kutoka jikoni, "mama, huyu siku hizi anavaa 30". Baba yake alikuwa ameshamnunulia vingine mwezi uliopita, hakuniambia kwa sababu hakuona kama ni habari. Nilikaa na vile viatu mkononi muda mrefu sana.

Ndo tatizo la mwisho wa mwezi, mambo madogo ya nyumbani yanaendelea bila wewe na hakuna anayekuficha, ni kwamba tu sio habari. Kijiko kimehama droo, mtoto ameacha kula maharage, ameanza kulala na taa. Wewe unafika unatoa amri za mwezi uliopita. Mimi nilikuwa naingia ndani nakagua, hii imefanyaje, hii nani kaweka hapa, na baba watoto siku moja akaniambia taratibu, "Mama, ukija hivi tunakuwa tunakusubiri kwa wasiwasi." Ilinichoma ila alikuwa sahihi. Kuanzia siku hiyo masaa mawili ya kwanza nikifika sigusi kitu, nakaa chini na watoto, jikoni naingia kesho yake.

Ukichagua hii njia, basi simu ndo daraja lako na hapa wengi tunakosea. Tunapiga saa 3 usiku tumemaliza mambo yetu, mtoto ana usingizi, tunamuuliza "umekula? umeoga? umesoma?" anajibu ndio ndio ndio, simu inakatwa. Kilichonisaidia mimi ni hiki. Nilipiga picha kurasa za kitabu chake cha Kiswahili cha darasa, nikazihifadhi kwenye simu, basi kila siku saa 12 na nusu jioni tunafungua ukurasa mmoja, yeye ana kitabu mimi nina picha, anasoma nafuatilia, akikosea namwambia rudia mstari wa tatu. Dakika kumi. Hata bando likiwa dogo sauti ya kawaida inatosha, video ilikuwa inaganda kila saa tukabaki kuulizana "unanisikia?". Mkubwa yeye hakutaka mambo ya kusoma, alitaka nimsikilize habari za mpira, nikajifunza majina ya wachezaji. Wakati mwingine anapiga mwenyewe.

Na nyumba utaiendesha kwa mbali. Utanunua umeme wa LUKU ukiwa kwenye daladala ya Mtumba af unatuma zile namba 20 nyumbani, utalipia maji, gesi, ada kwa kontroo namba, utatuma ya matumizi kila Jumatatu. Nakushauri vitu viwili, pesa ya wiki tuma siku moja ileile usisubiri kuombwa, anayebaki akiombaomba kila siku anajiona kama mzigo, na pili mwache anayebaki aamue mambo ya ndani bila kukupigia. Huwezi kuwa Dodoma af ukawa unapanga mboga ya nyumbani Kimara, Dar.

Kwa mwenza, hapa ntasema wazi. Mwezi ni mrefu. Ndoa za wenzetu kadhaa zimeyumba na sio kwamba watu ni wabaya, ni upweke, huku jioni unarudi geto hakuna wa kukuuliza siku ilikuwaje, kule mwenzako naye hivohivo, kila mmoja anazoea kumaliza siku bila mwenzake. Mmoja akianza kuulizwa na mwenzake "uko wapi, na nani, washa video" ujue imani imeshaanza kuvuja. Sisi tuliwekeana kwamba kwenye kila mwezi yeye anakuja huku wikiendi moja, bila watoto, bibi anakaa nao. Kwa hiyo tunaonana mara mbili. Alipoiona ofisi, chumba, mama ntilie anayenipikia, maswali mengi yaliisha yenyewe.

Hii njia inamfaa mwenye watoto wa kuanzia miaka kumi hivi wanaojielewa, au walioko bweni, na nyumbani kuna mtu mzima wa pili wa kusaidia. Mwenye kichanga namwonea huruma akiichagua. Likizo ya uzazi ni siku 84, zikiisha mtoto hana hata miezi mitatu, na yale masaa mawili kwa siku ambayo mama anayenyonyesha anapewa hayana maana kama mtoto yuko kilomita 450. Mwenzetu mmoja ofisini alikuwa anakamua maziwa chooni anayamwaga, kila siku, wiki tatu, mpaka alipomleta mtoto na mama yake mzazi wakaishi wote kwenye masta. Walibanana, lakini mtoto alinyonya.

KUHAMA WOTE

Kwenye karatasi ndo njia bora, jiko moja, kodi moja, jioni unarudi nyumbani kwako. Dodoma yenyewe sio ile tuliyokuwa tunatishwa nayo, imekuwa jiji tangu 2018, shule zipo, hospitali ya Benjamin Mkapa ipo na ile ya General, barabara zimefunguka. Vitu vya kuzoea ni vumbi, ukavu unaopasua midomo, baridi ya Juni na Julai asubuhi ambayo mtoto wa Dar haijui, na maji ya chumvi kwenye mitaa mingi, chai ya kwanza nilidhani nimekosea sukari nikaweka chumvi. Birika baada ya mwezi lina utando mweupe ndani. Nunua ya kunywa.

Kwenye gharama kuna jambo wengi hawalijui, ukihamishwa na mwajiri una haki ya kulipwa uhamisho, yaani nauli yako na ya mwenza na watoto, usafirishaji wa mizigo, na posho ya usumbufu. Ukiomba kuhama mwenyewe kwa sababu zako, unajigharamia. Kwa hiyo soma barua yako vizuri imeandikwaje, na usiharakishe kuandika ombi la kwako wakati mwajiri alikuwa anakuhamisha yeye.

Muda wa kuhama ni Januari. Kama una mtoto wa darasa la saba au kidato cha nne usimguse mwaka huo, ameshasajiliwa mtihani shuleni kwake na marafiki zake ndo wanamshikilia, darasa la saba wanafanya Septemba, kidato cha nne Novemba, subiri amalize. Wa darasa la nne na kidato cha pili pia wana mtihani wao wa taifa, huyo hamishe mwanzoni mwa mwaka au subiri mwaka uishe. Nyumba tafuta kabla ya Aprili, wabunge na wageni wao wakiingia bei inapanda na vyumba vizuri vinapotea. Na usitafute katikati ya mji kama kazi iko Mtumba na shule iko mbali nayo, ni kilomita kama 17, asubuhi mnaanza kugawanyika tena watatu njia tatu. Ihumwa, Nzuguni, Ilazo, kule kuna unafuu wa njia, japo maduka sio mengi kama mjini.

Ila kinachovunja hii njia sio nyumba wala shule, ni kazi ya anayefuata. Mwenza akiwa mtumishi, kuna uhamisho wa kumfuata mwenza, maombi siku hizi yanapita kwenye ESS, ule mfumo wa mtandaoni wa watumishi, ambatisha cheti cha ndoa, fuatilia, na msipange maisha kama vile kibali kimeshatoka, wengine wanakaa muda mrefu wanasubiri. Mwenza akiwa na biashara kama wangu, unamwambia aache wateja wa miaka 12 aje aanze upya. Nimeona mwanaume aliyemfuata mke akafunga duka, mwaka wa kwanza alijitahidi, wa pili akawa anakaa nyumbani mchana anatazama TV na hasemi na mtu. Nimeona pia mke aliyeacha saluni yake Sinza akaja akafungua nyingine Area D na sasa ina wateja kuliko ile. Tofauti yao ninavyoiona, yule wa pili alikuja mara tatu kabla, akakaa wiki wiki, akatafuta fremu mwenyewe, akaamua mwenyewe. Wa kwanza aliambiwa tunahama.

Af usisahau bibi. Ukihama na watoto unawatoa kwa bibi yao, mashangazi, wale wa kumkimbilia mtoto akiugua usiku. Huku mwaka wa kwanza hamna mtu. Kama nguvu yenu yote ilikuwa ni ndugu, hiyo inauma kuliko nauli yoyote.

NUSU KWA NUSU

Hii hainaga jina lakini wengi tuko hapa. Januari 2025 nilimleta mdogo, alikuwa anaingia darasa la pili, mkubwa akabaki na baba yake amalize la saba. Nilisita sana, nilisikia kama nakata familia kati. Nilichoangalia ni kilekile nilichosema mwanzo. Mdogo ndo alikuwa amenikosa zaidi, na ndo aliyekuwa bado anaweza kurudishwa karibu. Mkubwa alikuwa na shule yake, timu yake, na baba yake ambaye kwa miaka sita walikuwa wamejenga kitu chao wawili, wanapika pamoja, wanatazama mechi, sikuwa na sababu ya kukivunja.

Ukilinganisha na nyingine, kwa pesa ndo ghali kuliko zote, majiko mawili, ada sehemu mbili, dada wa kazi wawili au jirani wa kumlipa. Kwa mwili ni nafuu kuliko kila wikiendi kwa sababu mnapokezana, wiki hii sisi tunashuka, wiki ijayo wao wanapanda, mtoto wa miaka 4 mpaka 12 analipa nusu nauli ya treni. Kwa moyo inategemea watoto. Wangu walikuwa wanagombana kwenye simu, nikajua wako salama. Kosa kubwa nililofanya ni miezi miwili ya kwanza nilimwachia mdogo kila kitu kwa hatia yangu, soda, katuni mpaka saa 4, kulala kitandani kwangu, nikidhani namlipa miaka. Alianza kunikaripia mbele ya watu. Baba yake alivyokuja akaona, akasema mpe ratiba, sio zawadi. Tukaanza upya, ilichukua muhula mzima.

Kwa hiyo ukiwa unachagua, kaeni wawili na muandike majina ya wote waliopo nyumbani, pembeni ya kila jina andika umri, mwaka wake wa mtihani, na nani anamshika akiugua usiku wewe ukiwa haupo. Ukiona kuna jina halina mtu pembeni yake, njia inayomwacha huyo peke yake ifuteni hata kama ndo ya bei rahisi. Af chagueni kwa miezi sita tu, muhula mmoja, na mwambieni hata mtoto kwamba Juni tutakaa tena tuangalie. Na kabla hujalipa hiyo kodi ya miezi sita, ongea na mwenye nyumba akukubalie mitatu, wapo wanaokubali hasa ukienda mwezi wa saba Bunge likishaisha.

Mkubwa alimaliza mtihani Septemba, akaja huku na begi moja na mpira. Sasa ni baba yao anayepanda treni ya Ijumaa. Akifika mdogo anamvua viatu mlangoni, mkubwa anampa taarifa za wiki nzima kwa mpigo mmoja, mimi nakaa jikoni nachemsha maji ya kuoga maana anafika usiku na baridi. Siku ya kwanza aliingia akaanza kuuliza kwa nini pazia limekaa hivi na nani kahamisha meza. Nikamwambia baba, kaa kwanza na watoto, meza utaiona kesho.